Zulia la Kijani Kivulini: Mwongozo Kamili wa Kuotesha na Kutunza Kuvumwani Inayotambaa

Nyumba nyingi zina upande ambao jua haliufikii. Nyasi zimegoma kuota, maua yamenyong'onyea, ardhi inabaki nyeusi na tepetepe hata siku mbili baada ya mvua, na mwenye nyumba ameshaukatia tamaa. Mimi naupenda upande huo kuliko pengine popote bustanini, kwa sababu ndipo kuvumwani, mimea midogo ya kijani isiyo na maua inayofunika ardhi na mawe kama zulia (moss kwa Kiingereza), inapokubali kuishi.

Nimeona watu wakimwagilia asubuhi na jioni, wakaweka mbolea, wakaongeza udongo mzuri mweusi, na baada ya miezi miwili wakabaki na magugu matupu. Hawakuwa wavivu. Waliitunza kuvumwani kama mchicha, nayo si mchicha. Haihitaji kulishwa. Inahitaji uso uliotulia na muda mrefu wa kubaki mbichi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza umwagilie maji kiasi gani, uliza unyevu unakaa saa ngapi kabla haujaondoka. Karibu kila ninachoeleza hapa chini kinatokana na swali hilo.

Mmea unaokunywa kwa majani

Bandua kipande kidogo cha kuvumwani ukigeuze. Chini utaona vinyuzi vya kahawia, vyembamba kuliko unywele. Hivyo si mizizi. Kazi yake ni kushika tu, kama vidole vya mjusi ukutani. Maji na madini huingia moja kwa moja kupitia majani, ambayo kwa aina nyingi yana unene wa seli moja tu. Hakuna mizizi ya kutafuta maji chini, wala ngozi nene ya nta ya kuyazuia yasitoke. Hewa ikikauka, nayo hukauka. Hewa ikiloa, nayo huloa.

Kukauka kwenyewe hakuiui. Chukua kipande kilichojikunja na kupauka, kiweke kwenye kisahani, udondoshee matone machache ya maji, kisha kitazame kwa kioo cha kukuzia. Ndani ya dakika moja au mbili majani yaliyokuwa yamebana shina yanaanza kufunguka, moja baada ya jingine, na kijani kinarudi kana kwamba mtu amewasha taa ndani yake. Nimelifanya jaribio hili mara nyingi na bado sijachoka kulitazama.

Lakini kuamka huko kuna gharama. Kila inapoloa baada ya kukauka, kuvumwani hutumia akiba yake kurekebisha seli zilizodhoofika kabla haijaanza tena kujitengenezea chakula kwa mwanga. Ikibaki mbichi kwa saa kadhaa, hurudisha ilichotumia na kupata ziada ya kukulia. Ikinyunyiziwa kidogo na kukauka baada ya nusu saa, imetumia na haikupata kitu. Irudie hali hiyo kila siku kwa wiki kadhaa, itadhoofika na kufa huku inamwagiliwa. Ndiyo maana kuilowesha juu juu wakati wa jua kali ni kubaya kuliko kuiacha ilale kavu hadi jioni.

Hakikisha ni kuvumwani

Utelezi wa kijani unaoshika vidole ukiugusa, ule wa sakafu ya bafu au kingo za tangi, ni ukoga. Huo ni mwani, hauna majani wala shina. Mabaka makavu ya kijivu au ya rangi ya chungwa yanayong'ang'ania mawe kama rangi iliyopakwa ni lichen, yaani ushirika wa kuvu na mwani, nayo huota polepole mno. Kuna pia mimea ya jenasi ya Selaginella, ambayo wauzaji wa maua huiuza kwa jina la kuvumwani. Ni mizuri, inapenda kivuli na unyevu vilevile, ila ina mizizi ya kweli na mishipa ya maji, hivyo hupandwa kwenye udongo wenye mboji kama mmea mwingine wowote. Ukiitunza kwa mwongozo huu itakufa.

Kuvumwani halisi ina vishina na vijani vidogo vinavyoonekana, japo wakati mwingine kwa kioo cha kukuzia tu. Mara kwa mara utaona nywele ndefu zenye vifuko vidogo kwenye ncha. Vifuko hivyo hubeba spora, vumbi laini inalozaana kwalo, kwa kuwa haina maua wala mbegu.

Inayotambaa na inayosimama

Wanaoitunza huigawa kuvumwani katika makundi mawili makubwa. Ya kwanza husimama: vishina vyake vimepangana wima kama nyuzi za zulia nene na hufanya vinundu vya mviringo kama mito midogo. Ya pili hutambaa: vishina hulala, hutoa matawi pande zote, na hufumana kama mkeka. Ukiishika ile inayotambaa kwa ncha ya kidole na kuivuta taratibu, inanyanyuka yote kama kitambaa. Ile inayosimama hukatika pamoja na bonge la udongo.

Tofauti hii ni kubwa katika matunzo. Inayosimama hukua polepole na mara nyingi huhitaji kipindi cha kukauka. Ikilowa mfululizo bila kupumzika huoza. Inayotambaa hustahimili unyevu wa siku nyingi, huenea haraka zaidi, na kipande chake kilichovunjika huota upya kwa urahisi. Kwa mahali pa kivuli penye majimaji, chagua inayotambaa. Jenasi za Hypnum, Brachythecium na Plagiomnium zina aina nyingi za namna hiyo, na Thuidium, ambayo matawi yake yamegawanyika kama jimbi dogo sana, ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Usijisumbue sana na majina, hata hivyo. Zipo aina zipatazo 12,000 duniani, na nyingi hazitenganishwi bila hadubini. Itazame tabia yake, utajua inavyotaka kutunzwa.

Pima mahali kabla ya kupanda

Chukua tofali la udongo wa kuchoma, lile lisilopakwa chochote. Lizamishe kwenye ndoo ya maji usiku kucha, na asubuhi ulilaze mahali unapotaka kupanda. Tofali lililoloa lina rangi nyeusi nyeusi. Likikauka linapauka, na mpaka kati ya pobichi na pakavu unaonekana wazi ukisogea kutoka kwenye kingo kuelekea katikati. Andika saa ambayo kingo zimeanza kupauka, na saa ambayo uso wote umekauka.

Fanya hivyo siku tatu ambazo hazikunyesha, ukibadilisha mahali pa tofali. Ukiona uso umekauka kabla ya saa sita mchana, hapo ni pakavu mno kwa kuanzia, labda uongeze kivuli au uzuie upepo. Ukidumu mbichi hadi alasiri, pamefaa. Ukikuta jioni bado ni mweusi na chini yake kuna kidimbwi, tatizo ni maji kusimama, nayo yana dawa yake hapa chini. Mimi hulipa tofali uzito kuliko macho yangu, kwa sababu macho hudanganywa na kivuli. Upo upenyo kati ya nyumba mbili ambao ni giza siku nzima lakini upepo unapita humo kama kwenye filimbi, na kila kitu hukauka saa mbili tu baada ya mvua.

Mwanga nao uangalie. Kivuli maana yake si giza. Kuvumwani hujitengenezea chakula kwa mwanga kama mimea mingine, na pasipo mwanga kabisa hurefuka, hukonda na kupauka. Kipimo changu ni rahisi: kama naweza kusoma maandishi madogo pale mchana bila kuwasha taa, mwanga unatosha. Jua la asubuhi lililochujwa na majani ya mti halidhuru. Jua la mchana ndilo la kuepuka.

Andaa uso

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wengi wanapopita haraka.

Ng'oa kila mmea uliopo pamoja na mizizi yake. Magugu utakayoyaacha leo utayang'oa baadaye yakiwa yamepenya kwenye zulia, na kila moja litabandua kipande cha kuvumwani likitoka. Mimi hulilowesha eneo, nasubiri wiki mbili mbegu zilizolala ziote, nang'oa, halafu nasubiri wiki mbili nyingine na kung'oa tena. Inachosha kusubiri mwezi mzima bila kupanda chochote, lakini huokoa miezi ya kuinama.

Ondoa majani makavu, vijiti na mboji iliyolegea juu. Kisha sawazisha, ukiacha mteremko mdogo ili maji ya mvua kubwa yapite yasisimame. Pale ambapo tofali limekuonyesha kidimbwi, chimba mfereji mwembamba kando au pandisha udongo kidogo. Kuvumwani inayotambaa hupenda unyevu, lakini kuzama kwenye maji yaliyotuama siku baada ya siku huipa ukoga nafasi ya kuifunika.

Halafu gandamiza. Kwa mimea mingine tunalegeza udongo ili mizizi ipenye. Kwa kuvumwani tunafanya kinyume, kwani vinyuzi vyake vinahitaji uso usiosogea. Udongo laini huruka matone ya mvua yanapoanguka, na tope hilo huvifunika vijani vidogo. Kanyaga kwa nyayo, au weka ubao na usimame juu yake, hadi kidole gumba kikibonyeza kiache alama hafifu tu. Udongo wa mfinyanzi unafaa sana kwa kazi hii. Wa kichanga utachanganywa na mfinyanzi kidogo kwenye sentimita mbili au tatu za juu, maana mchanga mtupu hauna mshiko wala haushiki maji.

Usiweke mbolea, samadi wala chokaa. Aina nyingi za ardhini hupenda udongo wenye uchachu kiasi, kipimo cha pH cha kati ya 5 na 6, na chokaa huwafaa zaidi washindani wake kama nyasi. Zipo pia zinazopenda zege na mawe ya chokaa. Badala ya kubadili udongo kwa dawa, chukua kuvumwani iliyozoea uso kama wako: ya udongoni iende udongoni, ya jiwe iende jiweni, ya gogo iende kwenye gogo. Kosa la kuhamisha ya gogo kuipeleka kwenye zege ni la kawaida, na huonekana limefanikiwa kwa wiki tatu za kwanza kabla kila kitu hakijageuka kahawia.

Pa kuipata

Anza hapo hapo ulipo. Tazama chini ya bomba linalovuja, kwenye mfereji wa maji ya paa, nyufa za njia, upande wa nyuma wa vyungu vya zamani, na juu ya mapaa yanayosubiri kusafishwa. Hiyo imeshazoea hewa yako na haina shida ya kuhama.

Msituni usichukue bila ruhusa ya mwenye eneo, na katika hifadhi usiguse kabisa. Zulia la upana wa meza huenda limechukua miaka mingi kujifuma, na ndani yake wanaishi wadudu na wanyama wadogo wasiohesabika. Hata mahali ulipopewa ruhusa, chukua vipande vya ukubwa wa kiganja vilivyoachana, usibandue eneo zima. Pengo dogo lililozungukwa na kuvumwani hai hujifunga lenyewe.

Bandua kwa kisu butu au mwiko mwembamba ukiupitisha ulalo chini ya mkeka. Weka vipande kwenye trei, kijani kikitazama juu, na visipandane. Ukilazimika kuvihifadhi, viache vikauke kivulini kuliko kuvifunga vikiwa vimeloa ndani ya mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko, tena mahali pa joto, vitaoza kwa siku chache.

Kupanda

Chagua mwanzo wa msimu wa mvua au majira ya ubaridi, wakati hewa yenyewe itakusaidia. Fanya kazi jioni au siku ya mawingu.

Lowesha udongo hadi uwe kama tope zito, kisha uukwaruze juu juu kwa reki au uma ili kupata mikwaruzo ya kina cha nusu sentimita. Loweka kuvumwani kwenye beseni la maji ya mvua kwa dakika chache, itikise mchanga na majani makavu yatoke, kisha ilaze. Sasa ibonyeze kwa kiganja kwa nguvu kuliko unavyodhani inastahimili. Kusiwe na hewa kati yake na udongo. Ikibaki nafasi hata ya unene wa karatasi, kipande kitakaa hewani, kitakauka kabla ya majirani zake na kujikunja kingo. Nikishabonyeza huvua viatu na kuitembelea taratibu, kisigino kikifuata vidole, na nahisi tope likipanda kuingia kati ya vishina. Hapo ndipo hujua imeshika.

Kingo ziwekwe sawa na uso wa udongo, zisiinuke. Palipo na mteremko, choma vijiti vyembamba vya mianzi au njiti kila baada ya sentimita kumi na tano hivi, na uviondoe kipande kitakapogoma kunyanyuka ukikivuta.

Kama vipande ni vichache na eneo ni kubwa, usivitandaze mbalimbali kama visiwa vidogo. Viweke pamoja upande ulio mbichi zaidi, ujaze hapo kwanza, na uache vienee. Au tumia njia ya kuvunja: acha kuvumwani inayotambaa ikauke kivulini hadi iwe na mlio wa majani makavu, isugue kati ya viganja juu ya ungo ipate vipande vya milimita chache, na uinyunyize kwenye udongo uliolowa na kugandamizwa. Tandaza iwe nyingi kiasi cha kuficha karibu nusu ya udongo, bonyeza kwa ubao, kisha funika kwa wavu mwepesi wa kivuli au gunia lililofumwa kwa uwazi. Njia hii ni nafuu na huenea sawasawa, ila inadai subira: tegemea kati ya miezi sita na mwaka mmoja na nusu kabla ya kuona zulia lililofungana.

Kuhusu mtindi

Utaambiwa usage kuvumwani na mtindi, maziwa au bia, upake kwenye jiwe kwa brashi. Nilijaribu kwa moyo wote, kwenye mawe manane niliyoyapanga vizuri chini ya ukuta. Siku ya tano yalikuwa na manyoya meupe, siku ya kumi yananuka, na sisimizi wamepanga safu kutoka upande wa pili wa ua. Jiwe moja tu lilikuja kuota baada ya miezi, na hilo ndilo mvua ililiosha mtindi wote. Sukari na protini ni chakula cha kuvu na bakteria. Kuvumwani haina haja navyo.

Kama unataka kupaka kwenye jiwe, changanya vipande vikavu vilivyosuguliwa na udongo wa mfinyanzi na maji, uzito wa uji mzito. Paka kwenye jiwe lenye vinyweleo lililolowekwa usiku kucha. Udongo hushikiza na kutunza unyevu, na hauozi.

Miezi mitatu ya kwanza

Hapa kumbuka saa. Lengo ni uso ubaki mbichi kutoka alfajiri hadi karibu mchana, kila siku, bila kuruka. Mwagilia alfajiri, jua halijachomoza, kwa keni ya kumwagilia yenye matundu madogo sana au chupa ya kunyunyizia, hadi maji yaanze kung'aa juu ya majani kisha uache. Tazama saa ngapi uso umepauka. Ukipauka mapema, usiongeze safari za maji mchana. Ongeza kizuizi cha upepo au kivuli. Jioni unaweza kurudia endapo usiku si wa joto zito lisilo na hewa.

Maji ya mvua ndiyo bora. Kuvumwani haichuji kinachoingia, kwa hiyo maji yenye chumvi au chokaa nyingi huacha unga mweupe kwenye majani na hatimaye hukausha ncha. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yaache kwenye ndoo wazi usiku mzima kabla ya kuyatumia. Hii husaidia pale ambapo ni klorini ya kawaida. Jihadhari na shaba na zinki: maji yanayotiririka kutoka kwenye mfereji wa shaba au paa lenye mipako ya zinki huua kuvumwani taratibu, na utaona ukanda mtupu chini yake ambao haukubali kuota hata ufanyeje. Maji ya kuoshea vyombo nayo yaende kwingine. Sabuni na magadi huiua, tena upesi.

Wiki ya tatu au ya nne huenda vipande vikabadilika rangi, vikawa vya manjano au kahawia. Usiving'oe. Mara nyingi ni majani ya zamani yanayokufa huku machipukizi yakianza chini. Tenganisha kwa kibano na utazame kwa kioo: kama kuna vidoti vya kijani kibichi kwenye vishina, subiri. Kwenye udongo mtupu kati ya vipande unaweza kuona utando mwembamba wa kijani kama kitambaa cha pamba. Huenda ukadhani ni ukoga. Kuvumwani changa inayotoka kwenye spora huanza hivyohivyo, nyuzi tupu zisizo na majani, kwa hiyo usiusugue hadi uwe na hakika. Ukoga huteleza na kung'aa. Utando huu hautelezi, na baada ya wiki chache huota vidoti vyenye majani.

Baada ya miezi mitatu jaribu kuvuta ukingo kwa kidole. Ukigoma, punguza maji taratibu. Zulia lililoshika mahali panapofaa litajitegemea sehemu kubwa ya mwaka, na wakati wa kiangazi litalala. Usipoweza kulimwagilia vya kutosha wakati huo, liache lilale kabisa kuliko kuliamsha nusu nusu.

Kazi ya kila wiki

Majani yanayodondoka ndiyo adui mkubwa wa zulia lililokomaa. Jani pana likilala juu ya kuvumwani kwa wiki mbili huacha alama yake ya kahawia, na rundo la majani huua kabisa. Katika bustani ya hekalu la Saihō-ji, jijini Kyoto nchini Japani, inayosifika kwa aina zipatazo 120 za kuvumwani na iliyo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1994, ufagio ni sehemu ya maisha ya kila siku. Tumia ufagio laini wa nyasi, ufagie kwa kupapasa, uso ukiwa mkavu kidogo. Ikiwa imeloa sana ufagio hubandua.

Magugu yang'oe yakiwa na majani mawili tu, kidole kimoja kikiibonyeza kuvumwani pembeni na kingine kikivuta. Gugu kubwa likate kwa mkasi usawa wa zulia, urudie kila linapochipua hadi lichoke. Dawa za kuua magugu na zile za chuma zinazowekwa kwenye nyasi usizisogeze karibu.

Ndege huja asubuhi kufukua wadudu, na utakuta vipande vimetupwa kichwa chini. Havijafa. Virudishe, vibonyeze, mwagilia. Wakizidi, tandaza wavu wenye matundu madogo sentimita chache juu ya zulia hadi lishike, ukikaza kingo zake ili ndege wasinaswe. Mkojo wa mbwa huacha duara lililoungua. Limwagie maji mengi siku hiyohiyo. Watu wanaweza kupita mara mojamoja, peku au kwa viatu bapa, lakini njia ya kila siku iwekewe mawe ya kukanyagia. Na kwenye ngazi usiioteshe kabisa. Ikiloa huteleza, na mtu mzima akianguka hapo ni shida.

Inapokuonyesha dalili

Rangi ya manjano inayofifia kuanzia juu, wakati unyevu upo, mara nyingi ni jua kupita kiasi. Angalia kama kuna tawi lililokatwa hivi karibuni. Vishina virefu vilivyokonda vinavyoinamia upande mmoja ni kiu ya mwanga. Weusi wenye harufu ya kuoza unatoka kwenye maji yaliyosimama au majani yaliyofunika. Ondoa sehemu iliyooza pamoja na udongo wake wa juu, iache wazi ipate hewa siku chache, ndipo uweke kipande kipya. Utando mweupe kama wa buibui ni kuvu, na hutokea pasipo na mzunguko wa hewa, hasa chini ya plastiki. Uutoe kwa kibano, ufungue hewa, upunguze maji ya usiku.

Mabaka yanayokauka mahali palepale kila mara, hata majirani yakiwa mabichi, yana sababu chini yake. Bonyeza kwa kidole. Ukisikia panabonyea kama mto, kuna nafasi ya hewa, pengine nyungunyungu au mchwa wamepitisha njia. Nyanyua kipande, jaza tope, gandamiza upya.

Chunguni na kwenye chupa

Chungu cha udongo kisichopakwa rangi hufaa kwa kuwa kinanyonya maji na kuyatoa polepole. Jaza mawe madogo chini, udongo wa mfinyanzi juu, gandamiza, panda kama ilivyoelezwa. Chombo cha kioo chenye mfuniko hutunza unyevu kwa wiki nyingi, lakini kikiwekwa dirishani juani hugeuka chungu cha kupikia, na kuvumwani iliyoloa huumizwa na joto kuliko iliyo kavu. Kiweke penye mwanga usio wa jua moja kwa moja na ukifunue nusu siku kila wiki. Matone makubwa yakifunika kioo chote mchana kutwa, maji yamezidi.

Kuongeza eneo

Zulia likishafungana na kutimiza mwaka, limekuwa shamba lako la mbegu. Subiri siku ya pili baada ya mvua nzuri. Chora kwa kisu mraba wa upana wa kiganja katikati ya sehemu nene, si pembeni, kwani pembeni ndipo linaposogelea. Pitisha mwiko chini, nyanyua, na ujaze pengo kwa tope kidogo hadi liwe sawa na majirani. Mraba huo uugawe mara nne kwa mikono, kila kipande kiende mahali pake papya palipopimwa kwa tofali, kibonyezwe na kukanyagwa. Pengo ulilochora litaanza kuingiliwa kutoka pande zote nne ndani ya wiki chache. Mara nyingi mimi huchomeka njiti mahali nilipokata, ili nikirudi baada ya miezi sita nijue palikuwa wapi.